Fundi wa Swali la Sita

Karatasi ilikuwa na maswali tisa. Manane niliyajibu kwa kujaza mistari yote mpaka pembeni, kwa sababu maneno sijawahi kuyakosa. La sita nililijibu kwa neno moja. Liliuliza: mjini kwenu kuna fundi anayeweza kuwasaidia wanafunzi? Andika jina lake na mahali anapokaa. Nikaandika Néant, lile neno la Kifaransa ambalo sisi watu wa ofisi tunaliweka mahali pasipo na kitu.

Nilipokuwa nikiliandika, fundi mwenyewe alikuwa nyuma yangu, hatua nne tu, anasonga bukari ili nile.

Ni baba yangu, Kaumba. Ameketi nyuma ya gare, kituo cha treni cha Kamina, miaka thelathini na moja, kwenye meza ya mbao iliyofungwa kwa waya kwenye uzio, akitengeneza redio, tochi, simu, na vitu vingine ambavyo wenyewe walikuwa wameshavililia. Hana chuma cha kulehemu cha umeme. Ana vipande vitatu vya shaba alivyovifua mwenyewe, kila kimoja kimechomekwa kwenye mpini wa mti, na mbabula ya makala, jiko la makaa, miguuni pake. Kipande kimoja kikiwa kazini, viwili vinalala motoni vikingoja zamu. Koti lake la bluu lina matundu ya cheche kifuani. Vidole vyake vina makovu madogo meupe, na harufu ya utomvu anaotumia kulehemu haimtoki hata Jumapili kanisani. Harufu hiyo ndiyo iliyonilipia shule mpaka nikapata diploma, na nilipoipata nilianza kukaa benchi lingine misani.

Kuna jambo moja lazima nilieleze, maana bila hilo hakuna atakayeelewa nilivyofanya. Mimi naitwa Kyabu, na Kyabu lilikuwa jina la mama yake baba. Kwetu mtoto akipewa jina la marehemu, hapewi sauti tupu ya kuitwa uani. Anapewa nafasi ya mwenye jina. Kwa hiyo tangu siku niliyozaliwa baba yangu ananiita Mama, na haniiti vinginevyo. Kipande cha kwanza cha nyama ni changu. Mama yangu mzazi akienda Kaniama msimu wa mahindi, miezi mitatu kwa mfululizo, baba ndiye anayenipikia, na majirani wakimcheka anawaambia kwamba hawezi kuacha mama yake alale na njaa. Nilipokuwa na miaka sita nilisimama mlangoni, mikono kiunoni, nikamwambia, "Kaumba, mikono." Akaacha kijiko, akaenda kunawa. Nyumba nzima ilicheka, na yeye zaidi ya wote. Kwa hiyo nilijua mapema kwamba nina amri moja ambayo baba yangu hawezi kuikataa. Nilikuwa naicheza tu. Sikuwahi kuitumia kwa kweli, mpaka masanduku yalipofika.

Maktaba yetu ya mji ni vyumba viwili si mbali na gare. Chumba cha kwanza kina vitabu. Cha pili kilikuwa na viti vibovu hadi mwaka jana, chama kimoja cha Lubumbashi kilipoamua kwamba maktaba isiwe mahali pa kusoma tu, iwe pia mahali pa kutengeneza. Wakatuletea masanduku manne kwa treni: vyuma vya kulehemu vya umeme, nyaya, taa ndogo ndogo, vibao vya jua, betri na vikasha vyake. Bwana Éliézer, mkuu wa maktaba, aliyehamia kwetu kutoka Kabongo, alinipeleka Lubumbashi siku tano nikafundishwe, kwa sababu nilikuwa na diploma na nilijua kusema mbele ya watu. Katika siku hizo tano nilijifunza kueleza kila kitu. Kulehemu nililehemu mara mbili, vibaya, na mara zote mbili aliyekaa karibu nami ndiye aliyemalizia.

Sharti la chama lilikuwa wazi. Baada ya miezi minne watakuja kuangalia. Wakikuta watu wa Kamina wanaweza kutengeneza taa moja ya jua, tangu waya wa kwanza mpaka iwake, masanduku yatabaki. Wakikuta hawawezi, yatakwenda Kaniama.

Siku ya pili tu, baba alikuja. Nilimwona kupitia dirishani akipangusa miguu kwenye ngazi, koti lile lile, mkononi kopo la maziwa ya unga lenye vipande vyake vya shaba. Ndani kulikuwa na Bwana Éliézer na watu wawili kutoka ofisi ya mkoa, na nilikuwa katikati ya kuwaeleza neno umeme limetoka wapi katika lugha yetu. Nikatoka haraka kabla hajagonga.

"Nilisikia munaleta mashine za kusude," akasema, yaani za kulehemu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyealikwa harusini. "Nilikuja kuona, Mama. Na kama batoto beko na shida, minyi niko."

Sikumkaribisha. Niliangalia yale matundu ya koti. Nikasikia kiti kikisogezwa ndani, nikajua kwamba katika muda mfupi mtu atatoka na kuuliza huyu ni nani.

"Kaumba," nikasema, kwa sauti ile ya mikono kiunoni. "Minyi mama yako. Nakukataza. Usikanyage tena mu hii nyumba."

Alingoja nicheke. Mara zote nilicheka. Alipoona sicheki, akainamisha macho, akaweka lile kopo kwapani.

"Ndiyo, Mama," akasema, akashuka ngazi.

Nyumbani hakuligusia. Alinipa kipande cha kwanza kama kawaida.

Wanafunzi walikuwa saba. Wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka alikuwa Mbombo, mke wa askari, aliyekuwa akitoka Base ya Kamina, kambi ya jeshi, kwa pikipiki siku ya Jumanne na ya Ijumaa. Alizaliwa Kananga, akaolewa, akazunguka na mume wake kambi hadi kambi, na Kiswahili chake kilikuwa kimeokota kitu kila aliposhuka. Nilikuwa nikimsahihisha mbele ya wenzake, aseme ndiyo mahali pa njo. Hakukasirika. Alirudia neno langu polepole, kisha akaendelea na lake. Alikuwa na sababu ya kuja: kule kambini wanawake wana taa za jua zilizokufa, kila nyumba ina moja au mbili zimetupwa juu ya kabati, na hakuna anayejua kuzifufua. Mbombo alitaka awe yule anayejua. Mume anaweza kuhamishwa kesho, alisema, lakini mikono unahama nayo.

Nami nikawafundisha kwa ubao. Nilichora njia ya umeme kwa chaki tatu za rangi. Nilitunga maneno mazuri kwa kila kiungo cha taa, wakayaandika daftarini. Vyuma vilibaki ndani ya plastiki zake, kabati limefungwa, ufunguo shingoni mwangu. Nilisema nalinda mali ya umma. Ukweli ni kwamba niliogopa siku watakayoona kwamba sijui kulehemu.

Mwezi wa pili Mbombo alinyoosha kidole. "Mwalimu, moto tunaisoma tangu zamani. Njo tutaungua siku gani?"

Darasa likacheka, nikalazimika kufungua kabati. Tukawasha jenereta ya maktaba, vyuma vikapata moto, na kila walichounga kikaachana. Risasi ya kulehemu ilikuwa inayeyuka kwenye ncha ya chuma, wanaibeba kama uji kwenye kijiko, wanaipaka juu ya waya, inakauka, na waya ukitikiswa kidogo inadondoka nzima kama jino la maziwa. Waliniuliza kwa nini. Nikasema risasi ya siku hizi ni mbaya. Nikawapa gundi. Naandika hili na masikio yananiwaka: niliwapa gundi.

Ni wiki ile ndipo ilipofika karatasi ya maswali tisa kutoka kwa kile chama, na nikaandika nilichoandika. Nilijipa sababu. Nilisema moyoni kwamba fundi ni mtu mwenye cheti, na baba yangu hana. Hakuna aliyeweza kunikamata, maana kwetu mtoto habebi jina la baba yake. Mimi ni Kyabu, yeye ni Kaumba, na katika karatasi zote za maktaba hatukuwahi kukutana.

Ijumaa iliyofuata Mbombo alifika na kidole cha shahada kimefungwa kitambaa, akitabasamu. Akanivuta pembeni. Alisema amepata mtu. "Kuko papa moja kule nyuma ya gare. Ule muzee anajua."

Alikuwa amempelekea redio ya mume wake, akaona anavyofanya, akaomba kukaa. Sasa alikuwa anakaa naye kila asubuhi kabla ya kuja kwangu. Akapendekeza tumlete darasani. Nikamwambia watu wa sokoni ni watu wa kubahatisha, leo kinawaka, kesho kimekufa. Mbombo akaniangalia kidogo.

"Nilimwambia mwalimu wetu hajui," akasema, bila ubaya, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Akaniambia nisikucheke. Anasema mutoto asiye na kovu kwa vidole, kuko muntu alimuchunga."

Niliuliza kama alisema kingine. Hakusema kingine, alijibu. Aliomba tu apuliziwe makala.

Jioni hiyo nilikaa mezani na kumwangalia baba akila. Nilikuwa na maneno mengi sana. Akaniuliza kama bukari imeiva vizuri. Nikasema imeiva.

Mgeni wa chama alifika Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa nne, Madame Tshiala, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi, begani mfuko wa karatasi zake. Hakutaka hotuba. Bwana Éliézer alikuwa ameniandalia nafasi ya kusema dakika kumi, mgeni akamwambia kwa adabu kwamba alikuja kuona mikono. Akaketi kwenye kiti cha nyuma kabisa na kusema waanze.

Jenereta ilikohoa mara tatu, ikanyamaza. Bwana Éliézer akaivuta kamba mpaka jasho likamchora mgongoni. Umeme wa mji ulikuwa umeondoka tangu Alhamisi. Vyuma vilikaa mezani, vipya, vya baridi. Nikaanza kueleza ubaoni jinsi ambavyo taa ingetengenezwa kama umeme ungekuwapo, na Madame Tshiala akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nikajua kwamba kichwani mwake masanduku yameshapanda gari la Kaniama.

Hapo nikaona kiti cha Mbombo kitupu.

Hakukawia. Gare si mbali. Tulisikia kwanza sauti yake, kisha tukamwona barabarani, amebeba mbabula kwa mishikio yake miwili, moto bado ndani, na nyuma yake baba yangu na kopo lake. Mbombo akapita lango la uzio. Baba akasimama nje, vidole vya viatu kwenye mstari wa saruji, kama mtu aliyefika ukingoni mwa mto.

Watu wote walitoka kwenye ngazi. Madame Tshiala akamsalimu, akamkaribisha ndani.

"Hapana, madame," akasema baba. "Niko muzuri hapa. Mama yangu alinikataza kuingia."

Kikawa kicheko. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, ndevu nyeupe. Bwana Éliézer alicheka mpaka akashika nguzo. "Papa, weye na hizi mvi zote, ungali unaogopa mama?"

"Haumujui ule mama," baba akajibu.

Wakacheka tena, na yeye akacheka nao, ili kicheko kiwe chake na kisije kunitafuta. Hakunitazama hata mara moja. Na mimi nilicheka. Nilisimama pale kwenye ngazi, ufunguo shingoni, nikacheka pamoja nao.

Mbombo alimrudia baba na mbabula, akasema basi watafanyia pale pale nje. Wakatoa meza moja. Lakini upepo ulikuwa umeanza, ule unaotangulia mvua, na shaba inapoa upesi kwenye upepo. Halafu matone yenyewe yakaanguka, makubwa, ya kwanza kwanza, yakizomea kwenye makala. Wenzake wakakimbilia ndani na vibao vya jua. Mbombo akabaki langoni akimvuta mkono. Baba akavua koti la bluu. Nilidhani atajifunika kichwa. Akalishika juu ya mbabula, kwa mikono miwili, na mvua ikaanza kumlowesha shati.

Nikashuka. Ningekuwa mtu mwema, hapo ndipo ningesema mbele ya wote. Sikusema. Nilikwenda hadi langoni, nikampita Mbombo, nikainama karibu na sikio la baba kama mtu anayetoa maelekezo.

"Ingia," nikanong'ona.

Naye akanong'ona, maji yakimtiririka kwenye nyusi. "Ni Mama njo anasema?"

"Ni Mama."

Akavuka mstari. Mara ya pili nilikuwa nimeitumia ile amri, na mara hii ili nisionekane.

Ndani, aliweka mbabula chini ya dirisha, akatoa vipande vyake vitatu, akavipanga motoni. Hakusema sana. Alichukua kisu kidogo akakwangua waya mpaka shaba ikang'aa, akaugusisha kwenye utomvu, ukatoa moshi mtamu ambao mimi naujua kuliko maziwa. "Munapasha risasi," aliwaambia. "Pasheni waya. Waya ikipata moto, njo yenyewe itakunywa risasi." Akaweka kipande cha shaba chini ya waya, akangoja, akagusa risasi juu, na ikaingia yote kama maji kwenye mchanga. Akampa mkononi Mbombo. Mbombo akaunga cha pili. Mwingine akaunga cha tatu. Wakavuta nyaya kwa nguvu, hazikuachana. Walipoweka betri kwenye kikasha chake, taa ikawaka, ndogo, nyeupe, katika kile chumba kilichokuwa na giza la mvua, na hakuna aliyepiga makofi kwanza, kwa sababu wote walikuwa wanaiangalia.

Madame Tshiala akaja mbele. Alisema masanduku hayaendi popote. Kisha akafungua mfuko wake, akatoa karatasi, na nikaiona ni ile yangu, mwandiko wangu wa kujivunia, mistari iliyojaa mpaka pembeni.

"Hapa kwenye swali la sita muliniandikia hakuna muntu," akasema, akinitazama mimi. Akamgeukia baba. "Papa, munajuana na mwalimu?"

Baba alikuwa amechuchumaa, anapuliza makala. "Tunasalimiana tu," akasema.

Amenisomesha miaka kumi na saba. Ameniita Mama kila asubuhi ya maisha yangu. Tunasalimiana tu. Alisema bila uchungu wowote, kwa haraka, kama mtu anayemdaka mtoto kabla hajaanguka.

Madame Tshiala akanipa kalamu, akaniomba nirekebishe. Nikafuta lile neno. Nikaandika Kaumba. Palikuwa bado na nafasi ya mahali anapokaa. Nikaandika avenyu yetu na namba ya nyumba. Niliandika kwa sababu kusema sikuweza, mimi ninayesema kila siku. Naye akaichukua karatasi, akasoma chini, halafu macho yake yakapanda taratibu hadi juu, kwenye jina la aliyejaza na anapokaa.

"Adresi ni moja," akasema.

Ningeweza kujibu kwamba ni mpangaji wetu. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, limenyooka, lina kila kitu. Baba aliacha kupuliza. Nadhani na yeye alikuwa anangoja lile jibu, na angelikubali.

"Ni baba yangu," nikasema. "Minyi njo nilimukataza kuingia."

Hakuna aliyecheka. Bwana Éliézer akaangalia dari, ambapo maji yalikuwa yanaanza kupenya. Mbombo akaangalia kidole chake chenye kovu, kisha akasogea kando akaacha nafasi kati yangu na mbabula, nafasi ya mtu mmoja. Nikaenda nikapiga magoti pale sakafuni, nikapiga makofi taratibu, kama binti anavyomwamkia baba yake kwetu. Sikuwa nimewahi kumfanyia. Mama hamwamkii mwanawe hivyo.

Baba alitoa kipande cha shaba motoni, akakipangusa kwenye kitambaa chenye maji, kikalia.

"Hii moto haingojaka," akasema. "Mwalimu bado hajajaribu." Akanigeuzia mpini. "Shika hapa, mwanangu."

Mwanangu. Hajawahi kuniita hivyo tangu nizaliwe. Nilimtazama usoni nijue kama amenisamehe, au kama ameamua tu kumchukua mama yake na kumwondoa kwangu. Yeye alikuwa anatazama waya.

Nilishika. Mpini ulikuwa na joto mahali vidole vyake vilipokuwa.